Umeme Ulikatika Ghana, Kampuni ya Meli Ikapona: Funzo la Bakapu kwa Sisi Tunaouza Mtandaoni

Leo tuache kidogo habari za matangazo na bei, tuongee kitu ambacho wengi wetu tunakikumbuka simu ikishaibiwa: orodha ya wateja.

Nikuulize. Simu yako ikidumbukia kwenye ndoo ya maji saa hii, kesho asubuhi utajua nani amelipia mzigo na bado hajaupata? Utajua unamdai nani? Yule mteja wa Tunduma aliyesema mwisho wa mwezi atatuma nauli ya basi, namba yake iko wapi zaidi ya humo kwenye simu? Kama jibu lako ni "ipo kwenye bakapu", vizuri. Swali linalofuata ndiyo gumu: umewahi kuirudisha hiyo bakapu kwenye simu nyingine ukaona kama kweli inakuja?

Usinijibu kwanza. Nikupe stori ya kampuni ambayo ilikuwa na nakala zaidi ya mia moja za orodha yake, na zikafutika siku moja. Mimi shule nimeishia kidato cha nne, mambo ya kompyuta nimejifunza mwenyewe usiku nikishafunga duka, lakini hii stori nilivyoisoma nikaona ni yetu kabisa.

MZIGO UPO, ORODHA HAIPO

Kama unaagiza mzigo China, jina la Maersk umeliona kwenye makontena. Ni kampuni ya Denmark, makao makuu yake yapo Copenhagen. Mwaka 2017 ilikuwa na ofisi 574 katika nchi 130, na karibu moja ya tano ya uwezo wote wa meli za makontena duniani ilikuwa ni yao.

Tarehe 27 Juni 2017, kompyuta za Maersk zilianza kuzima moja baada ya nyingine, ofisi hadi ofisi. Vioo vikawa vyeusi, vingine vikaonyesha maandishi ya kudai dola 300 kwa bitcoin ili mafaili yafunguliwe. Kilichoingia kilikuwa kirusi cha kompyuta kilichopewa jina la NotPetya. Kilianzia Ukraine, ndani ya sasisho la programu ya mahesabu inayoitwa M.E.Doc, ambayo makampuni mengi ya kule yanaitumia kwa ajili ya kodi. Februari 2018 serikali za Marekani na Uingereza zilitamka kwamba jeshi la Urusi ndilo lililokiachia. Urusi ilikana.

Mwandishi Andy Greenberg wa jarida la Wired la Marekani aliifuatilia habari hii na kuiandika mwaka 2018. Anaeleza kwamba katika ofisi ya Maersk kule Odessa kulikuwa na kompyuta moja iliyowekewa programu ile. Moja tu. Mlango ukawa huo. Na zile dola 300 zilikuwa danganya toto. Hata ukilipa hupati kitu, kwa sababu kirusi kilitengenezwa kuharibu.

Kati ya vituo 76 vya bandari vya kampuni hiyo, 17 vilikwama. Malori yalipanga foleni nje ya mageti. Sasa sikiliza hapa. Meli zenyewe hazikuguswa. Injini zilikuwa zinafanya kazi, manahodha wapo, makontena yapo yamepangwa juu. Kilichokosekana ni njia ya kujua kontena lipi lina nini, ni la nani, na linakwenda wapi. Mzigo upo, orodha haipo, na bila orodha mzigo ni mzigo tu.

Unajua walipokeaje oda siku zile? Wafanyakazi walitumia barua pepe zao binafsi, Excel, na WhatsApp. Ndiyo, WhatsApp hii hii yetu. Mteja mmoja alisimulia jinsi alivyoagiza nafasi ya makontena 500 kwa WhatsApp. Kampuni yenye meli mamia ikawa inauza kama mimi na wewe.

DAFTARI LA MLINZI WA GETI

Sasa tufike kwenye kiini. Kampuni ikiwa na kompyuta maelfu, lazima kuwe na sehemu moja inayojua nani ni nani. Mfanyakazi akiandika jina na nenosiri lake, kuna kompyuta inayojibu: huyu namjua, mruhusu, aingie kwenye mafaili haya, yale asiyaone. Wataalamu wanaiita seva ya saraka. Wewe ichukulie kama daftari la mlinzi wa geti. Majengo yote yanaweza kuwa mazima, funguo zote zipo, lakini daftari likipotea mlinzi hamfungulii mtu, hata bosi.

Maersk walikuwa na seva za namna hiyo kama 150, zimetawanywa duniani. Na zilikuwa zinanakiliana zenyewe kwa zenyewe. Ukimwandika mfanyakazi mpya Copenhagen, baada ya muda jina lake lipo na kwingine kote. Kwa hiyo waliona wamejikinga. Moja ikiungua moto, zipo nyingine 149 zenye orodha ileile.

Walipokusanyika kwenye kituo chao cha kurudisha mitambo huko Maidenhead, Uingereza, wataalamu walikuta bakapu za karibu seva zote nyingine, za siku kati ya tatu na saba kabla ya kirusi. Vizuri sana. Ila bakapu ya daftari la geti hakuna. Hesabu yao ilikuwa kwamba zile 150 ni bakapu za wenyewe kwa wenyewe, na hakuna aliyefikiria kwamba zote zinaweza kufa kwa pamoja. Kwa kuwa zilikuwa zimeunganishwa, kirusi kilizipitia kupitia muunganiko huohuo.

Bila daftari lile, zile bakapu nyingine zote hazikuwa na msaada mkubwa. Una chumba kimejaa mali na mlango haufunguki.

GHANA

Wakaanza kupiga simu ofisi moja baada ya nyingine duniani kote, kutafuta hata seva moja iliyosalimika. Wakaipata Ghana. Kabla kirusi hakijaingia, umeme ulikuwa umekatika kwenye ile ofisi, seva ikatoka kwenye mtandao, na ikabaki nje. Kirusi kilipopita, yenyewe haikuwepo. Orodha yote ikabaki salama kwenye mashine moja, kwa sababu ya kitu ambacho sisi huku tunakilalamikia kila wiki.

Wakajaribu kuituma Uingereza kwa intaneti. Data ilikuwa gigabaiti mamia na intaneti ya pale ilikuwa ndogo, ingechukua siku nyingi. Wakasema basi mfanyakazi wa Ghana apande ndege aje nayo. Hakuna aliyekuwa na viza ya Uingereza. Ikabidi wapokezane kama kijiti: mtu wa Ghana akaruka mpaka Nigeria, akakutana uwanja wa ndege na mfanyakazi mwenzake, akamkabidhi diski, na huyo akasafiri nayo saa sita na nusu mpaka London.

Baada ya hapo ndipo kazi ya kujenga upya ikashika kasi. Mwanzoni mwa 2018, mwenyekiti wa kampuni, Jim Hagemann Snabe, alisema waliweka upya seva 4,000, kompyuta 45,000 na programu 2,500 ndani ya siku kumi. Hasara waliikadiria kati ya dola milioni 250 na 300.

KURUDISHA KUNA MASHARTI

Watu wengi tunadhani bakapu ukishakuwa nayo umemaliza. Kuirudisha kwenye mashine mpya ni kazi nyingine, na ina masharti yake. Kwa zile seva za saraka, masharti yanakwenda hivi.

Mashine mpya unaiweka peke yake kwanza, mbali na mtandao wenye ugonjwa. Unaiwekea mfumo ulio sawa na wa ile iliyokufa, na jina la mtandao linabaki lilelile. Unatakiwa uwe na nenosiri maalumu la kurudishia, ambalo liliwekwa siku seva ya zamani ilipoundwa. Nenosiri la kila siku hapo halisaidii. Na bakapu isiwe imezeeka: kwenye mfumo wa Microsoft, kwa kawaida nakala iliyopita siku 180 haikubaliki tena, kwa sababu itawafufua watu waliokwisha kufutwa. Ikishasimama hiyo moja na ukahakikisha iko sawa, ndipo nyingine zinaundwa upya zikinakili kutoka kwake.

Kwa hiyo ni vitu vinne: utambulisho uleule, ufunguo unao, nakala ya karibuni, na moja isimame kwanza kabla ya zote. Vishike hivyo vinne, maana kwenye simu yako ni vilevile.

KUNAKILIANA SIYO BAKAPU

Njoo kwetu sasa. Muuzaji mwingi akiulizwa kuhusu bakapu anasema: namba zangu zipo Google, WhatsApp yangu nimeiunganisha na kompyuta ya dukani, niko sawa. Hizo ndizo zile seva 150. Zinanakiliana.

Ukifuta jina kwenye simu, linafutika na kwenye akaunti ya Google. Linakaa kwenye kapu la taka siku 30, halafu limekwenda. Mtoto akichezea simu akafuta majina 50 na wewe ukagundua baada ya miezi miwili, Google imetii amri tu. WhatsApp ya kwenye kompyuta nayo inategemea akaunti ya simu yako, na simu isipoingia mtandaoni zaidi ya siku 14, kompyuta inatolewa. Ukisajili namba kwenye simu mpya, pia inatolewa.

Na namba zilizohifadhiwa kwenye laini? Hizo zimo kwenye kile kipande cha plastiki. Ukipoteza laini na kupewa mpya, namba ya simu inarudi lakini majina hayarudi. Laini nyingi zinabeba majina kama 250 tu, na jina refu linakatwa. Kwa hiyo "Mama Neema Mbagala kiatu 28" inaweza kubaki "Mama Neema Mba", na wewe una kina mama Neema wanne.

Huo mfano siyo wa utani. Mimi nauza viatu vya shule vya watoto, na kwenye jina la kila mteja naweka mtaa na namba ya kiatu. Mtoto aliyevaa 28 mwezi wa kwanza, mwezi wa saba naanza kumuuliza mama yake kama vidole vimeshagusa. Mauzo yangu mengi yanatoka hapo, kuliko kwenye matangazo ya kulipia. Simu nikipoteza nitanunua nyingine. Ile 28 siwezi kuinunua popote.

DADA WA MADERA

Fremu ya jirani yangu kuna dada anauza madera na vijora, wateja wake wengi ni wa mikoani. Mwaka jana simu yake iliporwa kwenye daladala jioni moja. Asubuhi alikuja kwangu, akakaa kwenye boksi la viatu, akaniambia, "Mdogo wangu, simu nitanunua nyingine. Hawa watu nitawapata wapi?"

Alitaka tuanze na WhatsApp haraka. Nikamwambia, "Dada, tuanze na laini." Kwa sababu Google ikikuona kwenye simu ngeni itatuma namba ya siri kwenye laini yako, na WhatsApp nayo hivyohivyo. Bila laini huingii popote. Tukaenda dukani kwa mtandao wake, NIDA na alama za vidole, laini ikarudi siku ileile. Akaunti ya Google ikafunguka. Majina yote yakaja, na uso wake ukarudi.

Tukafika WhatsApp. Ikasema bakapu imepatikana, ila ni ya wiki tatu nyuma. Nafasi ya bure ya Google ni gigabaiti 15 kwa kila kitu pamoja, barua pepe, picha, na siku hizi bakapu ya WhatsApp kwenye Android nayo inahesabiwa humo. Video za madera zilikuwa zimejaza. Bakapu ilikwama kimyakimya.

Ndani ya zile wiki tatu kulikuwa na watu 14 waliotanguliza pesa. Tukaomba taarifa ya miamala, tukaanza kulinganisha majina. Kumi na mmoja wakapatikana. Watatu walikuwa wamelipia kwa namba za ndugu zao, jina la muamala halifanani na jina la mteja, rangi aliyochagua hatuijui, mkoa hatuujui. Wawili walijitokeza wenyewe kuulizia. Wa tatu hakuuliza. Alikwenda kwenye ukurasa wa yule dada, chini ya picha ya dera jipya, akaandika neno moja: tapeli. Alipotafutwa alikuwa ameshamblok. Ile komenti ipo mpaka leo, na kila mteja mpya anaisoma kabla ya kulipa.

Yule dada si tapeli. Alipoteza wiki tatu za orodha, basi.

TENGENEZA GHANA YAKO

Kila muuzaji anatakiwa awe na Ghana yake. Maana yake nakala moja ambayo haijaunganishwa na kitu chochote. Haipo kwenye simu, haipo kwenye akaunti. Ipo kabatini.

1. Majina ya wateja. Fungua programu ya majina kwenye simu, tafuta sehemu ya kuhamisha majina kwenda kwenye faili. Utapata faili moja lenye mwisho wa .vcf. Hilo faili dogo lina wateja wako wote. Lakini kwanza hakikisha majina yaliyokuwa kwenye laini umeyahamishia kwenye akaunti, la sivyo yanaachwa nje.

2. Oda na madeni. Kama unaandika kwenye Excel au Google Sheets, pakua nakala. Kama unaandika kwenye daftari la kawaida, usilidharau: daftari haliingiwi na kirusi. Lipige picha kurasa za mwezi huu.

3. Weka hivyo vyote kwenye flashi, na flashi ikae nyumbani. Isikae kwenye begi moja na simu, maana mwizi wa begi hachagui. Na ujue humo kuna majina na mitaa ya watu. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi Tanzania imeanza kufanya kazi tangu Mei 2023, usiiachie flashi kila mtu.

4. Funguo andika kwenye karatasi. Barua pepe ya akaunti ya Google na nenosiri lake. Ile PIN ya tarakimu sita ya WhatsApp. Kama ulichagua kuifunga bakapu ya WhatsApp kwa nenosiri, basi na hilo, kwa sababu ukilisahau hata WhatsApp wenyewe hawawezi kukufungulia. Google pia inatoa namba 10 za akiba za kuingilia, kila moja ya tarakimu nane, inatumika mara moja. Zinakuokoa siku laini haipo. Karatasi hiyo na flashi visikae sehemu moja.

Mara ngapi? Jiulize unaweza kupoteza siku ngapi za oda bila kuitwa tapeli. Kama ni wiki, fanya kila Jumapili. Kama una advansi nyingi, fanya kila jioni kwa upande wa oda, majina yasubiri Jumapili.

SIKU YA KURUDISHA, FUATA MPANGILIO

Simu mpya ikiwa mkononi, usikimbilie kuposti. Nenda hivi.

Kwanza laini, namba ileile. Pili akaunti ya Google, ileile iliyotunza bakapu. Wengi wana akaunti mbili tatu, fundi alikufungulia moja, wewe ukafungua nyingine. Ukiingia na isiyo yenyewe utaambiwa hakuna bakapu, na utalia bure. Tatu subiri majina yaje yote. Nne WhatsApp.

Kwenye WhatsApp kuna sehemu moja ya hatari. Ukishathibitisha namba, itakuuliza kama unataka kurudisha bakapu. Inakuuliza hapo tu. Ukiruka kwa haraka, umeanza upya bila meseji. Ikikutokea, ifute programu uiweke tena mara moja ili ikuulize upya. Usiiache mpaka usiku, kwa sababu bakapu mpya ikijitengeneza inakaa juu ya ile ya zamani, na ya zamani ndiyo imekwenda.

Kama simu ya zamani bado inawaka na zote ni Android, kuna njia rahisi zaidi: kwenye mipangilio ya gumzo ipo sehemu ya kuhamisha gumzo moja kwa moja, unaskani msimbo simu kwa simu, haipiti Google kabisa. Ukihamia iPhone, jua kwamba bakapu ya Google Drive haifunguki kule. Lazima uhamishe simu zote mbili zikiwa nzima, na iPhone iwe mpya au imefutwa. Kwa hiyo usiuze simu ya zamani kabla.

Tano, hakiki. Chukua daftari, chagua wateja watano, wa zamani wawili, wa kati wawili, wa juzi mmoja. Watafute kwenye simu mpya. Meseji zao zipo mpaka tarehe ipi? Ukishajua tarehe ya mwisho, unajua pengo lako ni la siku ngapi, na unawatafuta watu wa siku hizo wewe kwanza, kabla hawajakutafuta wao kwa jina baya.

Na yule anayekupigia siku hiyohiyo akijifanya anatoka kwenye mtandao wako, anaomba namba sita ulizotumiwa ili akusaidie? Kata simu.

JARIBU KABLA YA SHIDA

Maersk walikuwa na imani na zile 150. Imani ile haikuwahi kujaribiwa kwa swali moja: zote zikifa, tunaanzia wapi? Jibu likawa Ghana, na Ghana ilikuwa bahati.

Jaribio langu mimi ni dogo. Kila baada ya miezi mitatu nachukua simu ya zamani isiyo na laini, naifuta, nalifungua lile faili la .vcf kutoka kwenye flashi, naangalia kama majina yanakuja na idadi inalingana. Nafungua na faili la oda. Dakika kumi na tano. Ukiazima simu ya mtu kwa jaribio, kumbuka kufuta majina na kutoa akaunti yako ukimaliza. WhatsApp siijaribu hivyo, maana ukiisajili kwingine inajitoa kwenye simu yako ya kazi katikati ya biashara. Hiyo naingia tu kwenye mipangilio, sehemu ya gumzo, nasoma tarehe ya bakapu ya mwisho. Ikiwa si ya jana, najua kuna kitu kimejaa.

Basi fanya moja usiku wa leo, hizo nyingine wikiendi: nenda kasome hiyo tarehe. Ukikuta ni ya wiki tatu nyuma, fungua nafasi kwenye Google, bonyeza hifadhi, subiri ikamilike ndiyo ulale.

Na kama una mwenzako anayepokea advansi za watu wa mikoani, mtumie hii asome.